Kofia, Tumba la Waridi na Kisu: Kuisoma Picha ya Georgiana wa Devonshire

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba mtu ni mtu na mhusika ni mhusika. Mtu huzaliwa; mhusika huundwa. Kanuni hii ni nyepesi kuikariri, lakini huwa nzito kuifuata pindi mhusika anapobeba jina la mtu aliyepata kuishi. Hapo ndipo mijadala mingi ya darasani inapopotoka. Fumo Liyongo wa utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa hujadiliwa kana kwamba ndiye yule Liyongo wa historia, na mhakiki hujikuta akimsifu au kumlaumu mtu badala ya kuchunguza namna mhusika alivyoundwa.

Makala haya yanalishughulikia tatizo hilo kwa njia ambayo si ya kawaida sana katika masomo ya Kiswahili. Badala ya utenzi au riwaya, yanachukua picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Picha yenyewe ni ya Georgiana Cavendish, mke wa Duki wa tano wa Devonshire, iliyochorwa na Thomas Gainsborough nchini Uingereza katika miaka ya 1785 hadi 1787 hivi. Imeteuliwa kwa sababu safari yake inaweza kufuatwa kituo kwa kituo, na katika kila kituo pana mkono uliomuunda upya mwanamke yuleyule: mchoraji, wachora vibonzo, mwalimu wa shule mwenye kisu, mwizi, na matajiri wa kununua. Swali linaloongoza mjadala huu ni moja. Katika mikono yote hiyo, mkono wa Georgiana mwenyewe uko wapi?

Mwenyeji na baraza lake

Kabla ya kuitazama picha, yafaa kujua mchorwa alikuwa nani. Georgiana Spencer alizaliwa tarehe 7 Juni 1757 katika mojawapo ya jamaa tajiri mno za Uingereza. Siku alipotimiza miaka 17, tarehe 7 Juni 1774, aliozwa kwa William Cavendish, Duki wa Devonshire. Duki ni cheo cha juu kabisa katika safu ya mamwinyi wa Uingereza walio nje ya ukoo wa kifalme. Mume huyo alikuwa na mashamba, kasri la Chatsworth katika jimbo la Derbyshire, na jumba kubwa la Devonshire House katika mtaa wa Piccadilly, London. Kwa maelezo ya wengi waliomjua, hakuwa na maneno mengi wala bashasha.

Ni katika jumba hilo la London ambamo Georgiana alipata umaarufu wake. Wageni wake walikuwa wanasiasa wa chama cha Whig, waandishi, wachezaji kamari na hata mrithi wa ufalme. Charles James Fox, msemaji mkuu wa upinzani bungeni, alikuwa mtu wa nyumbani. Richard Brinsley Sheridan, mtunzi wa tamthilia na mbunge, vilevile. Mambo yaliyoamuliwa bungeni mchana yalikuwa yameanza kupikwa kwenye meza za mwanamke huyu usiku uliotangulia.

Mkusanyiko wa namna hiyo uitweje kwa Kiswahili? “Karamu” halitoshi, kwani chakula hakikuwa kiini chake. “Mkutano” ni rasmi mno. Neno lililo karibu zaidi ni baraza, kwa maana ya mahali watu wanapoketi, wakazungumza, wakapashana habari na kupima hadhi zao. Lakini ulinganisho huo una mpaka wake. Katika miji ya pwani ya Waswahili, baraza la mbele ya nyumba lilikuwa la wanaume, na wanawake walikuwa na mikusanyiko yao ya ndani. Katika Devonshire House, mwanamke ndiye aliyekuwa mwenye baraza, na wanaume ndio walioomba kukaribishwa. Mamlaka yake yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa na jina. Hakuwa na kiti bungeni wala kura. Alikuwa na mlango, na hiari ya kumfungulia amtakaye.

Ni busara kuongeza kwamba alikuwa na madeni pia. Georgiana alicheza kamari bila kiasi, akakopa huku na huku, na kwa miaka mingi akamficha mumewe ukubwa wa deni. Wasifu wowote unaomfanya shujaa mtupu unalipita jambo hili kwa haraka inayotia shaka. Aidha, nyumbani mwake aliishi rafiki yake mpenzi, Bibi Elizabeth Foster, ambaye alikuwa kimada wa Duki na ambaye hatimaye aliolewa naye baada ya Georgiana kufa.

Mwaka wa vibonzo

Mwaka 1784 ulifanyika uchaguzi wa wabunge wa Westminster, jimbo lililokuwa na viti viwili na wagombea watatu: Admirali Hood, Fox, na Cecil Wray. Upigaji kura uliendelea kwa siku 40. Kura hazikuwa za siri. Mpiga kura alitaja chaguo lake hadharani, na kura ya siri haikuanza nchini humo hadi mwaka 1872. Westminster ilitofautiana na majimbo mengi kwa kuwa wapiga kura wake walikuwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo mafundi, wauza nyama na wenye maduka madogo. Yeyote aliyetaka kura zao alilazimika kuwaendea.

Georgiana aliwaendea. Pamoja na dada yake Harriet, alitembea mitaani, akaingia madukani, akazungumza na watu ambao wanawake wa tabaka lake waliwaona tu kupitia dirisha la gari la farasi. Fox alishika nafasi ya pili na kumshinda Wray kwa kura zisizofika 240. Hata hivyo, kilichobaki midomoni mwa watu hakikuwa hesabu ya kura. Kilikuwa uvumi kwamba mke wa Duki alinunua kura kwa busu. Wachora vibonzo waliufanya uvumi huo kuwa riziki. Thomas Rowlandson alichapisha mchoro unaomwonyesha akimkumbatia na kumbusu mwuza nyama, na michoro mingine ya aina hiyo ikatundikwa kwenye madirisha ya maduka ya London, mahali ambapo hata asiyejua kusoma aliweza kuisoma.

Hapa mwanafunzi wa fasihi aangalie kwa makini. Georgiana hakuwa mwanamke pekee aliyefanya kampeni mwaka huo. Wako wanawake wa daraja yake waliowapigia debe wapinzani wa Fox. Kwa nini basi tashtiti ilimlenga yeye kuliko wengine? Jibu linapatikana ndani ya vibonzo vyenyewe. Havimcheki kwa kuwa na maoni. Vinamcheka kwa kuvuka kizingiti, yaani kutoka barazani mwake na kuingia kwenye duka la nyama. Mwuza nyama katika vibonzo hivyo ni zaidi ya mtu. Ni ishara ya tabaka ambalo bibi hakupaswa kuligusa. Tashtiti hutumia mwili wa mwanamke kuzungumzia mipaka ya matabaka. Msomaji wa riwaya za Kiswahili ameliona hilo mara nyingi, pale ambapo mwanamke anayeingia siasa au biashara hupewa na mtunzi doa la mapenzi hata kama hadithi haikulihitaji.

Picha yenyewe

Gainsborough, aliyezaliwa mwaka 1727, hakuwa mgeni kwa mchorwa wake. Alikuwa amemchora Georgiana akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1783 alionyesha hadharani picha yake nyingine ya mwili mzima, ambayo leo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Katika picha hiyo ya 1783 mwanamke yuko kichwa wazi, ameegemea nguzo, na nyuma yake kuna miti na anga la jioni. Ni picha ya utulivu. Hakuna anayeweza kugombana nayo.

Picha ya pili, ile inayojadiliwa hapa, ina hali nyingine kabisa. Amevaa gauni jeupe lenye mshipi mpana wa buluu. Nywele zake zimesukwa mawimbi na kutiwa unga kwa mtindo wa wakati huo. Juu ya nywele hizo pana kofia nyeusi kubwa mno, yenye ukingo mpana na manyoya, nayo imeinamishwa upande mmoja. Mkononi ameshika tumba la waridi, ua ambalo halijafunguka. Macho yanamtazama mtazamaji moja kwa moja, na midomo ina tabasamu ambalo halijakamilika.

Kofia ndiyo inayotawala. Rangi yake ni nzito, na kila kitu kinachoizunguka ni chepesi, kwa hiyo jicho la mtazamaji hupanda kwenye kofia kwanza kisha likashuka usoni. Katika istilahi za uhakiki wa ushairi, ungeweza kusema kwamba kofia ni kitanguliwa: kiungo kilichopelekwa mbele ili kibebe mkazo. Na si kofia ya unyenyekevu. Huko nyuma, katika miaka ya 1770, Georgiana alijulikana kwa kuinua nywele zake kama mnara na kupachika kileleni manyoya marefu ya mbuni, ndege wa Afrika, hadi magazeti yakamkejeli na wanawake wengine wakamwiga. Anayemvisha mwanamke huyu kofia kubwa hampambi tu. Anakumbusha sifa yake mbele ya umma.

Jambo la pili ni mtindo wa brashi. Gainsborough hakupaka rangi kwa kulainisha kila mahali. Alitumia mipigo mirefu, miepesi, ambayo ukiikaribia inaonekana kama mikwaruzo isiyo na mpango. Mpinzani wake mkubwa, Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy, alikiri jambo hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1788, muda mfupi baada ya Gainsborough kufariki. Alieleza kwamba mikwaruzo hiyo, mtu akisogea nyuma kwa umbali ufaao, hujipanga na kuwa umbo. Kukiri huko ni kwa thamani kubwa, kwani kulitoka kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza. Kwa mwanafunzi, hili ni somo la umbali wa usomaji. Zipo kazi ambazo uchambuzi wa neno moja moja huzivunjavunja zikawa mikwaruzo.

Na tumba la waridi? Hapa mhakiki ajihadhari. Ni rahisi kuligeuza kila ua kuwa ishara, na kila ishara kuwa fumbo lenye jibu moja. Waridi katika sanaa ya Ulaya limebeba mapenzi, ujana, uzuri unaopita, na mara nyingine halikubeba kitu zaidi ya rangi ya waridi iliyohitajika mahali fulani kwenye kitambaa. Lakini muktadha haukatai kabisa usomaji wa kina. Georgiana alikuwa na miaka 28 hadi 30. Alikuwa ameolewa tangu 1774, akapoteza mimba zaidi ya moja, na mtoto wake wa kwanza, msichana aliyepewa jina lake, alizaliwa mwaka 1783. Wa pili, msichana pia, alizaliwa 1785. Mrithi wa kiume, jambo ambalo ndoa ya mamwinyi ilifungwa kwa ajili yake, hakupatikana hadi 1790. Ua lililofumba mikononi mwa mwanamke aliyekuwa akisubiriwa afungue haliwezi kuwa kimya kabisa, hata kama mchoraji hakulikusudia.

Ikisomwa kando ya vibonzo vya mwaka 1784, picha hii inaanza kusema. Haiombi radhi. Haimwonyeshi mwanamke aliyerudi nyumbani kwa aibu akajifunika. Mtazamo wa moja kwa moja, kofia iliyoinamishwa na tabasamu la pembeni ni kana kwamba vinamwambia mtazamaji: umesikia habari zangu, nami najua umezisikia. Si lazima iaminike kwamba Gainsborough alikaa akapanga kumjibu Rowlandson. Matini huweza kujibizana bila watunzi wake kuandikiana barua, na hiyo ndiyo maana ya mwingilianomatini inayosahaulika pale wanafunzi wanapoifanya istilahi hiyo kuwa msako wa nani alimwiga nani.

Yafaa pia kuiweka kando ya picha iliyochorwa na Reynolds katika miaka hiyohiyo na kuonyeshwa mwaka 1786. Humo Georgiana ameketi, binti yake mchanga yuko mapajani, na mtoto anainua mikono huku mama akimchezesha. Georgiana alimnyonyesha mtoto huyo mwenyewe, jambo ambalo wanawake wa daraja lake walizoea kuwaachia wayaya wa kunyonyesha. Kwa hiyo katika kipindi cha miaka mitatu walikuwako mjini London akina Georgiana watatu wa kuchorwa: mbusu wauza nyama, mama mwenye mtoto, na bibi mwenye kofia. Mwenye jina alikuwa mmoja.

Kisu cha mwalimu

Georgiana alikufa tarehe 30 Machi 1806. Katika kipindi kisichojulikana vyema picha ya Gainsborough ilitoweka Chatsworth. Ilipoonekana tena, ilikuwa ukutani kwa mwanamke mzee, mwalimu wa shule aliyeitwa Anne Maginnis. Picha ilikuwa ya mwili mzima, na nafasi aliyokuwa nayo juu ya meko yake ilikuwa fupi. Akaikata. Miguu ya mke wa Duki, ncha za gauni lake na ardhi aliyosimama juu yake viliondolewa ili picha itoshee ukutani. Mwaka 1841 mwalimu huyo aliiuza kwa mfanyabiashara wa picha, John Bentley, kwa pauni 56.

Waandishi wengi husimulia tukio hili kama kichekesho, au kama uhalifu dhidi ya sanaa. Linastahili kusomwa kwa utulivu zaidi. Picha ya mwili mzima katika karne ya 18 ilikuwa tangazo la cheo. Ilihitaji ukuta mrefu, na ukuta mrefu ulihitaji kasri. Mwili uliosimama wima, ardhi chini yake, anga nyuma yake, vyote vilitangaza umiliki. Kisu kiliondoa tangazo hilo. Kilichobaki ni nusu ya mwili: uso, kofia, mkono na ua. Mwinyi aliyesimama kwenye ardhi yake akawa mwanamke aliyekaribia mtazamaji kiasi cha kuzungumza naye. Ukaribu huo unaosifiwa na watazamaji wa leo, ule unaowafanya waseme kwamba anakaribia kutamka neno, kwa sehemu ni kazi ya kisu cha mwalimu asiye na cheo.

Mwanafunzi wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa geni. Tenzi za kale zilizopita mikononi mwa wanakili zilipunguzwa, zikaongezwa, na beti zikahamishwa. Miswada ya Al-Inkishafi haikubaliani yote juu ya idadi na mpangilio wa beti. Mhakiki anayechambua “muundo” wa utenzi kana kwamba kila ubeti uko mahali alipouweka mtunzi, anachambua pia uamuzi wa wanakili bila kuwataja. Tofauti ni kwamba nakala za utenzi zaweza kulinganishwa, ilhali kipande cha chini cha kitambaa cha Gainsborough hakijaonekana tena.

Mnada na mwizi

Bentley alimpa picha hiyo rafiki yake Wynn Ellis, mfanyabiashara wa hariri na mkusanyaji wa sanaa. Ellis alifariki mwaka 1875, na Mei 1876 mali yake ya sanaa ikapigwa mnada katika nyumba ya minada ya Christie’s. Wako waliotilia shaka wakati huo iwapo kazi ilikuwa ya Gainsborough kweli. Hata hivyo, duka la sanaa la Agnew lilitoa gini 10,100, yaani pauni 10,605, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa mnadani kwa picha yoyote. Miaka 35 kabla yake ilikuwa pauni 56. Kitambaa kilikuwa kilekile. Umati ulipanga foleni katika mtaa wa Bond kumwona bibi aliyegharimu fedha hizo, na kofia yake ikarudi katika mitindo ya wanawake, ikaitwa kwa jina la mchoraji.

Majuma machache baadaye, usiku, mwizi aliingia kupitia dirisha la ghorofa, akaikata picha kutoka kwenye fremu na kutoweka nayo. Aliitwa Adam Worth, mhalifu aliyekulia Marekani, na wako wanaoamini kwamba ni mmojawapo wa watu waliomchochea Arthur Conan Doyle kumbuni Profesa Moriarty. Kusudi la Worth, kama lilivyosimuliwa baadaye, lilikuwa kuitumia picha kumtoa gerezani ndugu yake. Ndugu huyo akatoka kwa njia nyingine, nayo picha ikabaki haina kazi. Worth hakuiuza. Aliificha kwa takriban miaka 25, akiisafirisha sandukuni. Mwaka 1901, akiwa mgonjwa na fukara, alikubaliana na mpelelezi William Pinkerton, na picha ikarudishwa kwa familia ya Agnew mjini Chicago. Mwaka uliofuata Worth akafa.

Simulizi hii ya mwizi ndiyo inayojulikana zaidi, na ni haki kukiri kwamba inavutia. Lakini ndiyo pia iliyomfuta Georgiana kabisa. Katika masimulizi ya wizi mwanamke hana siasa, hana watoto, hana deni, hana rafiki. Ni uso mzuri unaoibwa. Waandishi wamependa kusema kwamba Worth “alimpenda” bibi wa kwenye picha. Lugha yenyewe inamgeuza kitu cha kumilikiwa huku ikijifanya inazungumzia mapenzi. Baada ya Worth picha ilinunuliwa na J. Pierpont Morgan, tajiri wa benki wa Marekani, nayo hadithi ya umiliki ikaendelea kwa fedha safi zaidi.

Mkono wake

Zipo kazi ambazo Georgiana aliziandika. Mwaka 1778, akiwa na miaka 21, ilitoka riwaya isiyo na jina la mwandishi, *The Sylph*, inayosimuliwa kwa barua, kuhusu msichana wa shamba anayeozwa kwa bwana wa mjini mwenye kamari na dharau. Wataalamu wengi wanaihusisha naye. Riwaya hiyo ilitoka miaka minne tu baada ya harusi yake, na msomaji hahitaji kuambiwa mengi. Lakini hapa kanuni ya utangulizi ifanye kazi pande zote mbili: Julia wa riwaya si Georgiana, kama vile bibi wa kofia si Georgiana. Yeye pia alikuwa fundi wa kuunda wahusika.

Shairi lake mashuhuri lilitokana na uhamisho. Mwaka 1791 alipata mimba ya Charles Grey, mwanasiasa kijana wa Whig ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Duki alimtaka aende ng’ambo. Binti aliyezaliwa mwaka 1792 alichukuliwa na wazazi wa Grey, na Georgiana akakaa mbali na watoto wake wengine hadi 1793. Katika safari ya kurudi alivuka milima ya Alps kupitia njia ya Saint Gothard, na kutokana na safari hiyo akatunga shairi alilowatolea watoto wake. Lilichapishwa mwaka 1799 na kutafsiriwa kwa Kifaransa na mshairi Jacques Delille. Samuel Taylor Coleridge alilisoma akamtungia Georgiana shairi la kumsifu, na katika sifa hizo pana mshangao: mwanamke aliyelelewa katika anasa aliwezaje kuimba uhuru?

Mshangao wa Coleridge ni wa heshima, lakini ni mshangao wa mtu aliyeitazama kofia. Mwanamke aliyekaa miaka miwili bila kuruhusiwa kuwaona wanawe hakuhitaji kufundishwa na yeyote maana ya kukosa uhuru. Anayetaka kuufundisha usomaji wa taswira ya mwanamke katika fasihi angefanya vyema kuiweka picha ya Gainsborough na shairi la Saint Gothard mezani kwa pamoja, awaulize wanafunzi ni kipi kati ya hivyo viwili walichowahi kukisikia, kisha waeleze kwa nini.

Baada ya wasifu ulioandikwa na Amanda Foreman mwaka 1998, barua na siasa za Georgiana zilirudi mbele ya wasomaji. Filamu iliyotokana na kitabu hicho mwaka 2008 ilirudisha kofia mbele zaidi, na ikauzwa kwa kumfananisha na Diana Spencer, mke wa zamani wa mwana wa mfalme, aliyetokana na kaka yake Georgiana.

Picha yenyewe ilibaki katika jamaa ya Morgan hadi ilipopigwa mnada na Sotheby’s mwaka 1994. Duki wa 11 wa Devonshire aliinunua kwa dola 408,870 na kuirudisha Chatsworth. Nasaba ya mnunuzi huyo ni sehemu ya matini hii. Mwana pekee wa kiume wa Georgiana, yule aliyesubiriwa miaka 16, alikuwa Duki wa sita na akafa mwaka 1858 bila kuoa wala kuacha mtoto wa kurithi. Cheo kikaenda kwa jamaa wa upande wa mumewe, ambaye alikuwa amemwoa Blanche Howard. Blanche alikuwa mjukuu wa Georgiana kupitia binti yake mkubwa. Maduki wote waliofuata ni uzao wa mwanamke huyo, na damu ya bibi mwenye kofia iliwafikia kwa njia ya yule mtoto anayeinua mikono katika picha ya Reynolds.